Kupe, maziwa ya moto na miwani yangu

Kupe ndio waliomfikisha Wangari Maathai kwenye miti. Wengi wetu tumeijua habari yake kuanzia mwisho: Nobeli ya Amani ya mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata, mamilioni ya miche. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hata hivyo, alikuwa mwalimu wa anatomia ya mifugo chuo kikuu Nairobi, na utafiti wake ulimtaka aende vijijini nje ya mji, akusanye kupe kutoka kwa ng'ombe, arudi nao maabara awatazame kwa hadubini, ajue vijidudu vya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe, vinakuaje ndani yao. Shahada ya uzamivu alikuwa ameshaipata mwaka 1971, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati. Angeweza kustaafu na kupe wake na hakuna ambaye angemlaumu.

Kule alikokwenda kufuata kupe akaona mambo ambayo hayakuwa kwenye andiko lake la utafiti. Mvua ikinyesha, mito ilishuka na rangi ya udongo. Ng'ombe walikuwa mbavu nje. Watu wenyewe nao afya zao zilikuwa dhaifu. Akaanza kushuku kwamba hata kupe wakiisha wote, ng'ombe wale watakufa tu, kwa sababu nyasi hakuna na ardhi inaondoka na maji.

Hapo ndipo utoto wake unapoingia. Alizaliwa mwaka 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Mama yake alipomtuma kuni alimkataza kugusa za mugumo, kwa kuwa ule ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na hapo kulikuwa na kijito alikoteka maji, na ndani ya kijito mayai ya vyura yaliyofanana na shanga; mtoto akijaribu kuyainua ayavae, yanakatika. Miaka baadaye, mtu mzima aliyesoma Marekani na Ujerumani, akakuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka.

Nimeifikiria habari hii mara nyingi, na ninaona kijito peke yake kisingetosha. Watoto wa Ihithe walikuwa wengi, nao waliteka maji pale pale. Elimu ya baiolojia peke yake nayo isingetosha, kwa kuwa mtafiti mgeni angemwona ng'ombe aliyekonda akaandika kwenye daftari "ng'ombe amekonda", akaendelea na kupe. Wangari alikuwa na kitu cha kulinganishia. Alijua sehemu zile zilikuwaje kabla. Pale mwenzake alipoona bonde kavu, yeye aliona mto ambao haupo. Wanawake wa vijijini walipolalamika mbele ya Baraza la Taifa la Wanawake la Kenya kwamba hawana kuni wala maji safi, hakuhitaji kueleweshwa. Tarehe 5 Juni 1977 wakapanda miti saba uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na mengine mnayajua.

Sasa niseme ninachokiamini, halafu mnibishie. Husemwa kwamba maisha uliyopitia ndiyo yanayokuchagulia kazi. Aliyeuguliwa na mama anakuwa daktari, aliyedhulumiwa shamba anakuwa wakili. Hutokea, lakini mara chache kuliko tunavyosimulia. Kazi kwa wengi wetu huchaguliwa na alama za mtihani, na ada, na Bodi ya Mikopo, na mjomba anayemjua mtu, na nafasi iliyotangazwa wiki ile. Mapito huchagua kitu kingine kabisa: ukishakuwa ndani ya kazi yoyote uliyoipata, ni jambo gani hutaweza kulipita bila kugeuza shingo.

Ninasema hivi kwa sababu mimi ni mwalimu wa fizikia, na sikuutaka ualimu.

Nilitaka barabara. Nilitaka kuwa yule mtu mwenye kofia ngumu anayesimama mbele ya katapila na karatasi kubwa mkononi. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, barabara ikaishia hapo. Ilikuwa ile miaka baada ya MMES, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, kuanza mwaka 2004, shule za kata zinaota kila kona ya nchi, madarasa yapo, walimu hakuna. Serikali ikatuchukua vijana tuliotoka kidato cha sita, tukapigwa msasa wiki chache, tukapewa leseni ya kufundisha na kupelekwa tulikohitajika. Mtaani walituita vodafasta, na waliotuita hivyo hawakuwa wanatusifia. Baadaye nilirudi chuo nikasoma ualimu sawasawa, lakini mlango nilioingilia ni huo. Mtu akiniuliza kama niliitwa, jibu langu ni kwamba niliitwa kweli: jina langu lilibandikwa ukutani.

(Kwa taarifa yenu, ile kauli ya "ualimu ni wito" nimeisikia zaidi nyakati ambazo malimbikizo ya mshahara yamechelewa. Sijawahi kuisikia siku ya kupandishwa daraja.)

Kabla ya yote hayo kulikuwa na macho yangu. Tangu darasa la tatu au la nne sikuwa naona ubao, na sikujua kwamba sioni. Mtu utajuaje? Nilidhani kila mtu anauona ubao kama ukungu mweusi wenye mikwaruzo, na kwamba wenzangu wana akili ya kuisoma ile mikwaruzo ambayo mimi sina. Nilinakili kwa jirani. Jirani akikosea "saba" na mimi nakosea "saba". Walimu walinihesabu mvivu na mtukutu, mzazi akaitwa, bakora zikafanya kazi yake. Uwanjani nilishangilia goli baada ya kusikia wengine wanashangilia, na nilihisi kila siku kwamba wenzangu wana njia ya siri ya kumjua mfungaji.

Nikiwa kidato cha pili timu ya macho ilikuja shuleni kwa huduma ya mkoba, na ile chati ya herufi E zinazogeuka huku na huku. Niliiona E ya juu kabisa. Ya pili nilibahatisha. Yule muuguzi hakunicheka wala hakunionea huruma, aliandika tu namba kwenye kadi na kusema, "Wewe huoni mbali." Maneno matatu. Miaka yote ile ya uvivu na utukutu ilikuwa ni mwanga unaokutania mbele ya retina badala ya kukutania juu yake, jambo ambalo lenzi mbonyeo ya bei ndogo hulimaliza.

Mnaona jinsi ilivyo rahisi kuinyoosha habari hii. Mtoto asiyeona apewa miwani, apenda somo la mwanga, awa mwalimu wa fizikia. Nimewahi kuombwa niisimulie hivyo kwenye mahafali, na kwa kweli ingependeza. Ila haikuwa hivyo. Miwani niliipata, nikaipenda barabara, nikaikosa barabara, nikaangukia ualimu, nikapewa fizikia kwa sababu ndiyo iliyokuwa haina mtu.

Kilichofanywa na macho yangu kilikuja baadaye, nikiwa tayari mbele ya darasa. Nilikuta siwezi kuanza kufundisha kabla sijamsimamisha mmoja wa kule nyuma anisomee tarehe niliyoandika ubaoni. Halafu mwingine. Nikaanza kuwajua kwa dalili: anayekunja jicho, anayeinamia daftari la jirani ubao ukiwa wazi mbele yake, anayependa kukaa nyuma kabisa na kufanya fujo ili asiulizwe. Yule wa mwisho ndiye ninayemtilia shaka zaidi, maana ndiye mimi. Si kazi niliyopewa. Haimo kwenye majukumu yangu, na ofisi ya taaluma hainipimi kwa hiyo. Lakini nikinyang'anywa hiyo na kuachiwa fizikia tupu, ningetafuta kazi nyingine.

Mdogo wangu ana macho yale yale. Tumetoka tumbo moja, tumesoma shule moja, tumechapwa bakora za aina moja. Yeye anauza spea za pikipiki, na hana habari na watoto wasioona ubao. Nilipomweleza wazo la makala hii alicheka mpaka mteja akageuka. "Kaka, mimi yale mateso yalinifundisha kukariri tu." Na ni kweli. Kwa kuwa hakuona ubao, alijifunza kushika kila neno lililotoka mdomoni mwa mwalimu, mara moja, bila kuandika. Leo ingia dukani kwake umtajie aina ya pikipiki na mwaka, atakutajia bei ya bushi, ya cheni, ya kabureta, ya jumla na ya rejareja, bila kufungua daftari. Mafundi wa mtaa mzima wanamtegemea. Tatizo lile lile lilinipa mimi wasiwasi juu ya watu wengine, likampa yeye kichwa kisichosahau. Nani angetabiri?

Kwa hiyo nikisikia mtu anahubiri kwamba shida ni shule, ninatulia kidogo. Darasani kwetu kulikuwa na msichana aliyekaa dawati la mbele na bado akanakili kwa jirani. Aliacha shule darasa la tano. Leo, kwa ninayoyajua, ninaamini macho yake yalikuwa mabaya kuliko yangu. Hakufika kidato cha pili, na ile timu ya macho haikumkuta. Hadithi zote za mapito kuzaa mafanikio zinasimuliwa na waliokuwepo siku gari la huduma ya mkoba lilipofika.

Mwalimu wa fizikia Tanzania hawezi kuandika juu ya mambo haya akamruka Erasto Mpemba. Wanafunzi wangu wanaijua habari yake nusu, nusu nyingine ndiyo inayonivutia.

Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, Mpemba na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Unachemsha maziwa, unachanganya sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa inagombaniwa. Mwenzake mmoja akaamua kutochemsha kabisa. Mpemba akaamua kutosubiri, akaingiza maziwa yakiwa ya moto. Saa moja na nusu baadaye ya kwake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu, akajibiwa kwamba alichanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Likamkaa. Baadaye akakuta watengeneza aiskrimu wa Tanga mjini wanaweka maziwa ya moto makusudi, kwa sababu wanajua huganda upesi, na hawakuwa wanasubiri ruhusa ya mwanasayansi yeyote.

Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na darasa zima likaipata kejeli ya kutumia. Akafanya majaribio kimyakimya kwa vikombe vya maabara ya baiolojia. Kisha Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam akaja kutoa mhadhara. Mpemba akasimama na kuuliza, wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu, akaahidi kujaribu, na akirudi Dar akajaribu kweli. Fundi wake wa maabara akamletea habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, na kwamba atalirudia jaribio hilo mpaka apate matokeo sahihi. Huwa ninamkumbuka huyo fundi kila mwanafunzi wangu anapofuta kipimo alichokiona ili aandike kilichomo kitabuni.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala yao katika jarida la Physics Education, na hadi leo wanasayansi wanabishana: kuna wanaosema ni mvuke, kuna wanaotaja mzunguko wa maji ndani ya chombo, na kuna waliorudia vipimo wakasema jambo lenyewe halipo.

Nusu nyingine ni hii. Makala ile ilipotoka, mwandishi wake wa kwanza hakuwa mwanafunzi wa fizikia. Alikuwa chuo cha wanyamapori Mweka, chini ya Mlima Kilimanjaro, na kazi yake ya maisha ikawa huko, kwenye wanyamapori. Kwa kanuni za mahafali hii ni habari iliyoharibika: shujaa alipaswa kuwa profesa wa fizikia. Mimi naona haijaharibika. Alikuwa na swali, akalibeba kwa miaka kupitia kicheko cha watu mpaka likapata wa kulipima, kisha akaenda zake kufanya kazi nyingine. Tukio lililobeba jina lake duniani halikulazimika kuwa ajira yake. Tunawaonea watoto tunapowaambia kwamba kila kinachowawasha lazima kiwe mkate.

Wapo, nakubali, ambao mstari unaonekana umenyooka. Denis Mukwege, daktari wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mmoja. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji. Akiwa mdogo alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamuuliza kwa nini anaomba tu bila kumpa dawa kama alivyofanya nyumbani wao walipougua. Baba akamjibu kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua pale pale: baba ataomba, yeye atatoa dawa. Mstari umenyooka kama reli.

Ufuate sasa. Akasomea udaktari Burundi, akaenda hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, akiwa na nia ya kutibu watoto. Lemera ikamwonyesha akina mama wanaobebwa masafa marefu na kufika wakivuja damu, au kutofika. Akaacha watoto, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi, akarudi. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ikavamiwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, mwaka 1999, lengo likiwa akina mama wajifungue salama. Mgonjwa wa kwanza hakuja kujifungua. Alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Wakafuata wengine, makumi ya maelfu katika miaka iliyofuata, na daktari wa uzazi akawa bingwa wa kuunganisha miili iliyoharibiwa na vita. Mwaka 2018 akapewa Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad.

Hiyo reli imepinda mara mbili, na kila mara aliyeipinda ni mgonjwa aliyeingia mlangoni, wala si kumbukumbu ya utotoni. Ile safari na baba yake ilimwingiza chuoni. Yaliyobaki aliagizwa na walioletwa kwa machela. Na kuna jambo jingine ambalo wasimulizi hulipitia haraka. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba yake, akanusurika na kukimbilia Ulaya na familia. Wanawake wa Kivu, wengi wao maskini kabisa, wakauza mananasi na vitunguu wachangie tiketi ya kumrudisha. Akarudi Januari 2013. Sisi tukizungumza kusudi la maisha tunazungumza kana kwamba mtu analo mfukoni mwake. La Mukwege lilikuwa limeshikwa pia na wauza vitunguu, na siku alipolegea wao walikaza.

Haya yote yamebadili namna ninavyokaa na vijana wa kidato cha nne, kwani mbali na fizikia nimepewa pia dawati la ushauri nasaha. Zamani niliuliza kama wote wanavyouliza: unataka kuwa nani? Majibu yalikuwa daktari, rubani, mwanasheria, mwanajeshi. Hakuna aliyewahi kuniambia afisa ugani au mpima ardhi, ingawa hao ndio watu wanaowaona. Sasa ninauliza kinachowakera. Si kwa ujumla, maana hapo nitaletewa ufisadi na madawa ya kulevya kama kwenye insha. Ninataka kitu alichokiona mwenyewe, kikamkaa rohoni, mahali ninapoweza kwenda kukitazama.

Kijana mmoja alikuwa ameandika rubani. Nikamuuliza kinachomkera, akanyamaza muda, halafu akasema lumbesa. Tupo Singida, vitunguu ndio uhai wa nyumba nyingi. Bibi yake analima, mnunuzi anakuja na gunia lililoshonewa kilemba juu, linajazwa mpaka linaota kichwa, na linalipwa bei ya gunia moja. Kijana alikuwa amefanya hesabu. Alikuwa amebeba vitunguu vya kilemba kimoja kwa ndoo, akapima ndoo moja kwa mzani wa duka, akazidisha, akapata bibi yake anatoa bure kiasi gani kwa kila gunia, kwa kila msimu, tangu yeye mwenyewe aanze darasa la kwanza. Alikuwa nazo zote nyuma ya daftari la jiografia. Vipimo ni moja ya mada za mwanzo za fizikia kidato cha kwanza, na hapo alikuwa ameifanya vizuri kuliko alivyowahi kuifanya kwangu.

Nikamwambia kuna ofisi ya serikali inayoitwa Wakala wa Vipimo, na kuna watu wanaolipwa mshahara kukagua mizani, pampu za mafuta na magunia kama hayo, na kwamba lumbesa ni kosa kisheria. Hakuniamini. Kwake sheria ilikuwa kitu cha mjini, na kazi ya mizani ilikuwa ya muuza duka. Tukatafuta pamoja kwenye simu yangu, akasoma taratibu akifuata kwa kidole, akaniuliza masomo yanayotakiwa nikamweleza hisabati na fizikia zitamfaa, akakunja uso kwenye hisabati.

Kisha akaanza maswali mengine. Wanakuja na gari? Wanaweza kumzuia mnunuzi barabarani akiwa ameshapakia? Na bibi akikubali mwenyewe kuuza hivyo kwa kuwa ana shida ya hela, afisa anamfanya nini bibi? Hilo la mwisho sikuwa na jibu lake. Nilimshauri aje nalo Jumatatu tulipigie simu ofisi ya mkoa, na aje na lile daftari la jiografia.